Ziara Zisizofanyika: Kisa cha Malezi ya Kambo Yaliyokaribia Kuvunjika

Wahusika

Majina, mahali na miaka vimeondolewa, na mambo mengine madogo yamebadilishwa ili wahusika wasitambulike. Waliobaki ni mvulana wa miaka 6, mama yake mzazi, walezi wa kambo wawili, yaani watu waliompokea nyumbani kwao kwa muda bila kuwa wazazi wake (mke na mume wa umri wa miaka arobaini na kitu), binti yao wa miaka 11, na afisa ustawi wa jamii aliyeshika jalada la mtoto. Mama mdogo wa mtoto anaingia baadaye sana, na kuchelewa kwake ni sehemu ya kisa.

Wengi wanaotaka kuwa walezi wa kambo huuliza juu ya mtoto. Atakuwa msumbufu? Atatuzoea? Atatupenda? Wachache huuliza juu ya mzazi wake. Nakitumia kisa hiki kufundishia kwa sababu mtoto mwenyewe hakuwa mgumu kulea. Nusura akatiwe ziara za mama yake kwa sababu ya tafsiri ambayo watu wazima waliipa tabia yake, watu wenye nia njema kabisa.

Maombi na tathmini

Tangu kujaza fomu hadi kuidhinishwa ilichukua miezi 7. Polisi walikagua rekodi za kila mtu mzima wa nyumbani, daktari akatoa taarifa ya afya, wadhamini watatu wakahojiwa, na afisa akaja nyumbani mara kadhaa kuona mtoto atalala wapi na kuzungumza na kila mmoja peke yake, binti akiwamo. Kisha yakafuata mafunzo, na mwisho jopo likaamua. Katika mafunzo walielezwa mambo ya msingi: mlezi wa kambo hampigi mtoto kwa sababu yoyote, hasimulii mambo ya mtoto kwa majirani, na kila mtoto ana mahali pake pa kulala na faragha yake ya kuoga na kuvaa.

Waombaji hulalamika kwamba maswali ya tathmini yanachimba mno. Ulilelewaje? Ulichapwa? Mligombana lini mara ya mwisho, na nani alianza kuomba msamaha? Naelewa usumbufu huo, ila maswali yana kazi. Mtoto aliyetoka kwenye vurugu atamgusa mlezi palepale alipoumizwa utotoni, na ni heri mlezi apajue mapema.

Kuna jambo lilisemwa kwenye mahojiano hayo na halikufuatiliwa. Baada ya binti yao, wanandoa hawa walipoteza mimba mbili, na kwa muda waliwaza kuasili. Mtathmini aliandika kwamba waombaji wanaelewa tofauti ya kuasili na malezi ya kambo, akaendelea na kipengele kingine.

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha kazi yenyewe. Kuasili humpa mtoto wazazi wapya kisheria, moja kwa moja. Malezi ya kambo hayamwondolei mzazi uzazi wake. Mlezi hulisha, huogesha, hupeleka shule, hukesha mtoto akiumwa, lakini maamuzi makubwa kama upasuaji au safari ya nje ya nchi hubaki kwa mzazi, mahakama au mamlaka iliyokabidhiwa mtoto. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 20, unavitaja kama vitu mbalimbali: malezi ya kambo, kafala ya sheria ya Kiislamu (kumlea mtoto wa mwingine bila kumbadilishia ukoo), kuasili, na taasisi inayofaa pale inapolazimu. Mtu anaweza kukariri hayo yote kwenye mafunzo na bado moyoni akawa anasubiri mtoto wa kubaki naye.

Simu ya jioni

Waliidhinishwa, na wiki chache baadaye simu ikaita. Mtoto wa miaka 6. Mama amelazwa kwa ugonjwa uliotokana na pombe. Jirani aliyekuwa naye hawezi tena. Hakuna ndugu aliyepatikana. Itakuwa kama wiki 2. Walikubali papo hapo.

Mtoto aliletwa saa 3 usiku akiwa na mfuko mmoja wa nguo na sare ya shule iliyompwaya. Karatasi aliyokuja nayo ilikuwa na jina, umri, chanjo, na maneno "hakuna ndugu". Walezi hawakuuliza nani alisema hakuna ndugu. Hawakuuliza mtoto anaambiwa nini kuhusu mama yake, wala atamwona lini. Mlezi mpya huogopa kuonekana mdadisi kwenye simu ya dharura, na anayepiga simu naye ana haraka ya kupata kitanda kabla usiku haujawa mkubwa. Wiki 2 zikawa miezi 14.

Wiki za mwanzo

Siku ya nne mama mlezi alikuta vipande vya mkate chini ya godoro, vingine vimeota ukungu. Hakufoka. Alimpa kopo lenye kifuniko likae kando ya kitanda, akamwambia ni lake na kila jioni litajazwa. Mtoto aliyewahi kulala na njaa huficha chakula kama akiba, na ukimnyang'anya unamthibitishia kwamba alikuwa sahihi kuficha. Kwa miezi miwili kopo lilirudi tupu kila asubuhi. Baadaye likaanza kurudi nusu, kisha likasahaulika.

Jambo la nywele halikwenda vizuri hivyo. Mtoto alikuwa na mapunye, na mama mlezi akamnyoa upara. (Kunyoa pekee hakuponyi mapunye, mtoto huhitaji dawa ya kumeza, na hapa alikuja kuipata baadaye.) Mama mzazi, siku ya kwanza ya kuruhusiwa kukutana naye, akamkuta mwanawe hana nywele na hakuna aliyemwambia. Alipiga kelele ofisini mbele ya mtoto hadi ziara ikakatizwa. Walezi waliondoka wameshaamini kwamba mama huyu hana utulivu. Mwanamke ambaye mwezi mzima hakuwa na uamuzi wowote juu ya mtoto wake alikuwa ameona ushahidi wa hilo kichwani mwa mtoto, lakini siku ile hakuna aliyeiona hivyo.

Swali la mtoto amwite mlezi nani lilitatuliwa kwa busara. Wiki ya tatu alianza kusema "mama". Mama mlezi alifurahi, kisha akajiuliza itakuwaje siku ya ziara. Akamwomba afisa amuulize mama mzazi, na mama mzazi mwenyewe akapendekeza aitwe "mama mkubwa". Hapo ndipo wanawake hawa wawili walipokubaliana jambo kwa mara ya kwanza.

Ombi la kusimamisha ziara

Mtoto alipangiwa kukutana na mama yake mara moja kwa wiki, alasiri, kwenye chumba cha ofisi. Mwezi wa nne walezi waliandika barua. Kila baada ya siku ya ziara, walisema, mtoto anakojoa kitandani, anapiga mlango ngumi, anakataa shule, anaamka usiku akipiga mayowe. Ziara zinamdhuru, zisimamishwe. Aya ya mwisho iliuliza utaratibu wa kumwasili ukoje.

Barua kama hii huja mara nyingi, na mara nyingi hukubaliwa kimyakimya: ziara zinapunguzwa kutoka kila wiki hadi kila mwezi, mzazi anakata tamaa, na baada ya mwaka anaandikwa kuwa "haonyeshi nia". Afisa huyu hakukubali na hakukataa. Kifungu cha 9 cha Mkataba kinampa mtoto aliyetenganishwa na mzazi haki ya kuonana naye mara kwa mara, isipokuwa ikiwa ni kinyume cha maslahi yake, kwa hiyo alitaka kuona madhara hayo kwenye karatasi. Mapitio ya makazi, yaani kikao cha kuangalia jinsi mtoto anavyoendelea pale alipowekwa, yalikuwa baada ya wiki 10. Akawaomba walezi waandike kila siku hadi hapo, kwa masharti matatu: andikeni mlichokiona na kukisikia, saa ngapi, na nini kilitangulia.

Baba mlezi aliona wanashukiwa uongo. Mama mlezi alichukua daftari.

Daftari

Kurasa za kwanza ni hukumu tupu. "Leo alikuwa na kiburi." "Amerudi kavurugwa." Afisa alipita, akasoma, akauliza kiburi kilionekanaje. Kuanzia hapo maandishi yanabadilika: "Alikataa kuvua viatu. Alikaa mlangoni kuanzia saa 11 hadi karibu saa 12 jioni. Nilimuuliza anasubiri nini, hakujibu."

Wiki 10 zilipokwisha walikaa pamoja na kuhesabu. Kati ya ziara 10 zilizopangwa, 6 zilifanyika na 4 hazikufanyika kwa sababu mama hakufika. Baada ya zile 6 mtoto alilia njiani, mara nyingine akakojoa kitandani usiku huo, na siku ya pili alikuwa sawa. Mayowe ya usiku, ngumi za mlangoni na kukataa shule vilifuata zile 4, na vilidumu siku tatu hadi nne. Walezi walikuwa wamezichanganya zote kwa jina moja, "siku ya ziara", maana asubuhi zilianza vilevile: mtoto anavaa, anapelekwa, anarudishwa.

Maelezo yalikuwa kwenye ukurasa wa wiki ya saba, na yalitoka kwa binti. Walipokuwa wanapanga vitabu, mvulana alimuuliza: "Mama akifa, nani ataniambia?" Mara ya mwisho kumwona mama yake nyumbani alikuwa anabebwa, hajitambui. Kwa hiyo kila kiti kilipobaki kitupu chumbani, yeye alikuwa na jibu lake kwa nini kiko kitupu. Hakuna mtu mzima aliyemweleza mama anaumwa nini, anatibiwaje, na kwamba anapona. Wote walidhani mwingine ameshamwambia, au kwamba ni mdogo mno kuelewa.

Kisha kalenda ya pili. Mama mzazi alikuwa na kliniki kila baada ya wiki mbili, siku ileile ya ziara, upande wa pili wa mji. Ziara zote 4 zilizoshindikana ziliangukia siku za kliniki. Siku ya kliniki ya tano alifika amechelewa nusu saa, na daftari limeandika kwamba alikuwa na pamba iliyobandikwa mkononi pale panapotolewa damu. Mama mlezi aliiona pamba, akaiandika, na hakuna aliyeuliza. Kliniki ilikuwa ya ofisi nyingine. Ziara zilikuwa za ofisi hii. Mama mwenyewe hakusema kwa sababu aliogopa kwamba akiomba kubadilishiwa siku ataonekana mwenye visingizio.

Siku ya ziara ikahamishwa. Ikikwama, mama anapiga simu jioni ileile na kuzungumza na mtoto yeye mwenyewe, hata kwa dakika 2. Afisa, akiwa na mama na mama mlezi chumbani, alimweleza mtoto ugonjwa kwa maneno ya umri wake. Usingizi haukutulia siku hiyohiyo, lakini ndani ya mwezi mayowe yalikoma. Walezi waliondoa ombi la kusimamisha ziara. Swali la kuasili hawakuliondoa.

Mama mdogo

Daftari lilifanya kazi nyingine ambayo hakuna aliyeitarajia. Mwezi wa nane mtoto, akiogeshwa, alimuuliza mama mlezi: kama wewe ni mama mkubwa, unamjua mama mdogo? Yule wa cherehani, inayopiga kelele usiku? Mama mlezi aliandika kama alivyosikia na kumpigia afisa kesho yake.

Mama mzazi alikuwa na mdogo wake wa tumbo moja. Walikosana kuhusu fedha na walikuwa hawasemezani. Siku aliyolazwa aliulizwa kama ana ndugu wa kumchukua mtoto, akasema hana, na kwa maana ya swali lile alisema kweli. Afisa safari hii aliuliza tofauti: nani alikuwapo mtoto alipozaliwa? Nani huja kwenye misiba yenu? Mtoto alikuwa akilala wapi ulipokuwa unasafiri? Ndani ya nusu saa walikuwa na majina matano. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya Malezi Mbadala ya Watoto, iliyopokelewa na Baraza Kuu mwaka 2009, inataka familia pana ya mtoto itafutwe kabla ya kumpeleka kwa wasio ndugu. Hapa utafutaji uliishia kwenye swali moja lililoulizwa kwa mgonjwa usiku.

Mama mdogo hakujua kwamba mtoto yuko kwenye malezi. Tathmini yake ilichukua miezi 3, na alikubaliwa.

Kuondoka

Kwa baba mlezi habari hii ilikuwa pigo. Alisema waziwazi kwenye mapitio kwamba mtoto ametulia, ana shule, ana marafiki, na sasa anapelekwa kwa mtu ambaye hakumtafuta kwa mwaka mzima. Hoja ya utulivu wa mtoto haikuwa ya kipuuzi, na jopo liliijadili kwa muda mrefu. Kilichoamua ni mtoto mwenyewe, aliyeulizwa peke yake: alitaka kwa mama mdogo, na alitaka mama mkubwa aje kumtembelea. Pia uhusiano wa mama na mdogo wake ulikuwa umeanza kupona, na kwa mama mdogo angeweza kumwona mama yake bila ofisi wala ratiba.

Uhamisho ulipangwa polepole. Alasiri moja, kisha siku nzima, kisha kulala usiku mmoja, kisha wiki ya likizo. Mama mlezi alimwandalia kitabu cha kumbukumbu: picha, majina ya walimu, kovu la goti lilipatikanaje, jino la kwanza lilitoka lini. Mama mzazi aliongeza kurasa za mwanzo, za uchanga wake. Baba mlezi aliondoa ombi la kuasili wiki chache kabla ya mwisho na ndiye aliyemsindikiza mtoto siku ya kuhama.

Binti hakusindikiza. Aliambiwa tarehe jioni moja mezani, wakati watu wazima walikuwa wameizungumza kwa miezi. Alijifungia chumbani na hakutoka kuaga. Alama zake za shule zilishuka muhula uliofuata.

Hali ilivyo baadaye

Mwaka mmoja baadaye mtoto bado yuko kwa mama mdogo. Mama yake huja karibu kila mwisho wa wiki, hajarudi kunywa, na suala la mtoto kurudi kwake moja kwa moja halijaamuliwa. Walezi walipumzika miezi 4, kisha wakarudi, lakini kwa kupokea watoto wa siku chache tu, wakati walezi wengine wanapopumzika. Hawataki tena makazi marefu, na hakuna aliyewashinikiza.

Uchambuzi

Uamuzi uliobeba kisa hiki ni wa afisa kutojibu barua kabla ya kupata daftari. Sisemi kwamba ziara hazidhuru kamwe. Kuna wazazi wanaomtisha mtoto, wanaokuja wamelewa, wanaomwagiza aseme uongo, na hapo ziara husimamiwa kwa karibu au hukatwa. Ndiyo sababu ya kuandika: tabia ya mtoto ni ileile katika hali zote mbili, na mlezi aliyechoka hawezi kuzitofautisha kwa kumbukumbu. Lakini daftari peke yake halikutosha. Lilifaa kwa sababu mama mlezi aliandika pia yaliyopinga ombi lake mwenyewe, ile pamba ikiwamo. Sijui ni somo gani la mafunzo linaloweza kumfundisha mtu hilo, ila tathmini inaweza kumwona mtu wa namna hiyo ikimtafuta.

Tathmini hii haikutafuta. Mimba zilizopotea na hamu ya kuasili vilikuwa mezani tangu mwanzo. Hamu hiyo haimzuii mtu kuwa mlezi mzuri, lakini ilihitaji mazungumzo magumu: siku mtoto anaondoka mtafanya nini, na mtamwambia nini binti yenu? Badala yake ilijitokeza mwezi wa nne, ndani ya barua inayohusu ziara, na tangu hapo hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika ni sehemu ipi ya barua ilikuwa wasiwasi juu ya mtoto na ipi ilikuwa matumaini ya walezi. Sidhani walezi wenyewe waliweza.

"Wiki 2" ilikuwa ahadi ambayo hakuna aliyekuwa na msingi wa kuitoa. Ingetosha kusema muda haujulikani. Familia iliyojiandaa kwa wiki mbili haiandai shule, haimwandai binti, haiulizi juu ya nywele.

Kosa la kutotafuta ndugu ipasavyo ni kubwa kuliko yote, na ndilo rahisi kurekebisha. Ndugu asiyeweza kumchukua mtoto leo anaweza kumtembelea, kumpigia simu, kutoa picha ya ukoo, au kuwa tayari baada ya mwaka. Anayeuliza "nani atamchukua?" anawafuta wote hao kwa pamoja. Mama mdogo angepatikana mwezi wa kwanza, pengine malezi ya kambo yangekuwa ya wiki chache kweli.

Kuhusu binti, kinachosikitisha ni kwamba alikuwa msaada mkubwa kuliko watu wazima walivyotambua. Yeye ndiye aliyeulizwa swali la kifo. Alihojiwa kwenye tathmini na baada ya hapo jina lake halimo kwenye mapitio yoyote. Watoto wa walezi nao wanalea: wanagawana chumba, wanagawana wazazi, wanasikia siri. Kuwaambia tarehe ya kuondoka mapema hakugharimu kitu.

Baada ya kisa hiki ofisi iliweka utaratibu mpya: mzazi anapiga simu asubuhi ya ziara kuthibitisha, na mtoto anaambiwa baada ya uthibitisho huo, asije akasubiri bure. Baadhi ya maafisa wameupokea vizuri. Wengine, nami nakubaliana nao kwa watoto walio na umri wa kuanza shule, wanasema unamnyima mtoto haki ya kujua na kumngoja mama yake kwa hamu, na kwamba mvulana huyu hakuumizwa na kungoja bali na kutoelezwa. Kwa sasa kila afisa anaamua kulingana na mtoto aliye naye.